DAWA ZA MITI NA SIKU ZA KUZICHUMA

Swali hili limeletwa mbele yetu si mara moja: je, dawa ya mti ichumwayo asubuhi ya Siku ya Mwaka, au Jumatano ya mwisho ya Mfunguo Tano, ina nguvu kuliko ile ichumwayo siku nyengine? Na Muislamu akiichuma kwa itikadi hiyo, ana lawama?

Sisi twaona kwamba maswali haya ni mawili, na desturi yetu imekuwa kuyajibu kama kwamba ni moja. Mmoja wetu husimama akasema, "Hii ni bid'a," akaketi. Bibi aliyeuliza akarudi kwake na majani yake, akayachemsha kama alivyokuwa akiyachemsha, kwani hakuambiwa lolote juu ya majani. Aliambiwa juu ya siku tu. Na mwengine, kwa kuchelea kuwaudhi wazee, husema kwamba kila la kale ni hekima, akayaacha mambo yalivyo. Wote wawili hawakumfaa mwenye mtoto mgonjwa. Kwa hivyo twataka leo kupambanua lipi li katika jani, lipi li katika msimu, na lipi li katika khofu zetu sisi wenyewe.

Dawa ya mti yenyewe haina aibu katika dini. Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha watu wajitibu, na akawafahamisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia na dawa yake, isipokuwa uzee. Wanavyuoni wetu wa zamani hawakuona haya kuinama chini wakatazama jani. Abu Hanifa ad-Dinawari, aliyekufa mwaka 895, alitunga kitabu kizima cha mimea ya Waarabu. Ibn al-Baytar, mzaliwa wa Malaga aliyekufa Damascus mwaka 1248, alizunguka nchi baada ya nchi akizitafuta dawa mahali zimeapo, na katika kamusi yake ya dawa alikusanya kiasi cha dawa na vyakula 1,400. Mtu wa namna hii akiona bibi wa Lamu akitwanga majani asingemcheka. Angemuuliza: jani hili laitwaje, huchumwa lini, na kiasi gani hupewa mgonjwa?

MSIMU WA KWELI

Neno "huchumwa lini" si neno la ushirikina. Ni neno la ilimu. Ibn Sina, katika kitabu cha pili cha Al-Qanun, ameweka kanuni za kuchuma dawa: jani lichumwe likiisha kutimia ukuaji wake, kabla ya kugeuka rangi, mbegu zichumwe zikiisha kukomaa, mizizi ichimbwe majani yanapokaribia kupukutika, na kilichochumwa hewa ikiwa safi ni bora kuliko kilichochumwa wakati wa unyevu. Kila aliyewahi kuanika majani ya mrehani katika mwezi wa Mei, masika yakiwa yamepamba, ajua maana ya kanuni hii ya mwisho: hayakauki, huota ukungu, na dawa iliyoota ukungu si dawa tena.

Wazee wetu waliyajua mengi ya haya bila ya kuyasoma. Walijua kwamba jani lenye harufu lakaushwa kivulini, maana jua huichukua harufu yake, na harufu ndiyo dawa. Walijua kwamba mti ulioota penye chumvi si sawa na mti ulioota bara, japokuwa jina ni moja. Na hata ile desturi ya mganga kuchimba mizizi upande wa matlai na upande wa machweo peke yake, ambayo leo hutiwa maneno mengi ya siri, yaonekana kwetu kuwa na faida iliyo wazi: mti uliochimbwa pande mbili hubaki na mizizi ya pande mbili, ukaishi, na mwakani ukapatikana tena.

Mfano mkubwa wa jambo hili katika zama zetu umetoka mbali, nchi ya China, walakini leo umo katika kila zahanati ya Mombasa na Malindi. Katika miaka ya 1960 na 1970 serikali ya China iliwataka wataalamu wake watafute dawa ya malaria. Mwanamke mmoja katika wao, Tu Youyou, alirejea vitabu vya kale akakuta katika kitabu cha Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, maelezo ya mmea uitwao qinghao: mtu achukue konzi ya mmea huo, aurowanishe katika maji, aukamue, anywe maji yake. Yeye na wenzake walikuwa wakiuchemsha, na matokeo yakawa hayathibiti. Maneno yale ya kukamua, pasipo kutajwa moto, yalimfanya afikiri kwamba huenda moto ndio uuao dawa. Akaitoa kwa njia isiyohitaji joto kubwa, na mwaka 1971 ikafaulu juu ya wanyama waliotiwa malaria. Ikadhihiri pia kwamba mmea wa jimbo moja hauna dawa sawa na mmea wa jimbo jengine, na kwamba jani huwa na dawa nyingi zaidi karibu na wakati wa kutoa maua. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel. Kenya iliamua mwaka 2004 kuzifanya dawa zenye asili ya mmea huo kuwa matibabu ya kwanza ya malaria, na kuanzia mwaka 2006 zikaenezwa katika hospitali za serikali.

Tazameni, ndugu zetu, yaliyomo katika kisa hiki. Bibi asemaye kwamba jani lina wakati wake amesema kweli. Bibi asemaye kwamba kuchemsha na kutochemsha ni mambo mawili amesema kweli. Lakini ukweli huo ulikaa kitabuni kwa miaka zaidi ya 1,600 bila ya kuwafaa wanaokufa kwa malaria duniani, mpaka alipotokea mtu akaujaribu, akaupima, akaupeleleza kwa subira. Wala haifai mtu asome haya kisha akapande mmea huo uani, akanywa chai yake akasema amejikinga. Shirika la Afya Duniani halikubali chai hiyo kuwa tiba, kwa kuwa kiasi cha dawa kilichomo hakijulikani, na dawa kidogo isiyotosha huwafunza vijidudu vya malaria kuizoea.

SIKU YA MWAKA

Amma Siku ya Mwaka, au Nairuzi, asili ya jina lake ni la Kiajemi, nayo ni siku ya kwanza ya mwaka wa jua uliokuwa ukihesabiwa na mabaharia na wakulima wa pwani yetu. Mwaka huo una siku 365, zilizogawanywa kwa miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za kutimiza. Hesabu hii ilikuwa na manufaa makubwa. Mwezi wa kiislamu hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka, kwa hivyo mkulima hawezi kuutegemea kwa kupanda wala nahodha kwa kungoja pepo za kusi na kaskazi. Hatuna neno juu ya hesabu hiyo. Mwenye kuijua na aitunze, maana wenye kuijua wamekuwa wachache.

Neno letu ni juu ya ile itikadi kwamba alfajiri ya siku hiyo majani huteremshiwa nguvu, na kwamba maji ya bahari, yakiogwa kabla ya jua kuchomoza, huondoa maradhi ya mwaka mzima. Twawaomba wenye itikadi hiyo wafanye hesabu ndogo pamoja nasi. Mwaka wa jua wa kweli ni siku 365 na takriban robo. Mwaka wa Nairuzi haukuhesabu robo ile. Basi kila miaka minne Siku ya Mwaka huja mapema kwa siku moja, na kila miaka mia huja mapema kwa siku kama 24. Leo huangukia mwezi wa Julai. Ndipo watu wa Makunduchi, Unguja, wanapofanya Mwaka Kogwa wao, na watalii wakaenda kutazama watu wakipigana kwa vigogo vya migomba. Kwa hesabu hiyo hiyo, ikiwa haikurekebishwa, miaka 400 iliyopita siku hiyo ilikuwa mwezi wa Oktoba, vuli ikikaribia. Sasa twauliza: nguvu za majani zilihama pamoja na hesabu ya wanadamu? Mvumbasi ulioko nyuma ya nyumba wajuaje kwamba watu wa pwani hawakuitia ile robo ya siku?

Mti hujua mvua, na jua, na udongo, na umri wake. Hayo ndiyo Mwenyezi Mungu aliyoufungamanisha nayo. Hesabu zetu haukupewa.

Na Jumatano ya mwisho ya Mfunguo Tano ni dhaifu zaidi, maana mwezi wa Safar hauna msimu kabisa: mwaka huu u katika kusi, baada ya miaka kadha u katika kaskazi. Na Mtume (S.A.W.) mwenyewe alikanusha itikadi ya Waarabu wa ujahili kwamba mwezi wa Safar una nuhusi. Atakayechuma mkunazi siku hiyo kwa kuwa ndiyo siku aliyopata nafasi, hana lawama. Atakayengoja siku hiyo na mgonjwa wake yu kitandani, huyo amemdhulumu mgonjwa.

MTI NA MWENYE KUUOGOPA

Tutazame sasa miti na dawa chache ambazo kila nyumba yetu yazijua, tuone khofu imeingiaje.

Mvuje ni utomvu wa mmea wa nchi za Uajemi na Afghanistan, na umefika kwetu kwa majahazi tangu zamani. Kidogo chake kikitiwa katika chakula hupunguza riahi za tumbo, na wapishi wa Kihindi hutia katika dengu kwa sababu hiyo hiyo. Basi kitu hiki kina kazi. Lakini nyumba ngapi katika mji wetu mvuje umefungwa katika kitambaa cheusi mkononi mwa mtoto mchanga ili kumkinga na husuda? Hapo mvuje haukuingia tumboni, wala haukugusa maradhi yoyote. Umekuwa hirizi yenye harufu mbaya. Kitu ni kimoja. Katika chungu ni dawa, katika kitambaa ni itikadi, na Mtume (S.A.W.) amekataza kutundika vitu kwa itikadi hiyo kwa maneno makali mno.

Mkunazi nao una heshima kwa kuwa maiti huoshwa kwa majani yake, na asili yake ni Sunna: Mtume (S.A.W.) alipofiwa na binti yake aliwaamuru wanawake wamuoshe kwa maji na sidri, na mwisho watie karafuu maiti. Sidri ya Bara Arabu na mkunazi wetu ni miti ya ukoo mmoja. Watu wengi wadhani kuna siri ya kutisha katika jani hilo, na wako wanaochukua majani saba wakayasomea ili kumfungua aliyefungwa na mkewe. Haya ya majani saba hayakupokewa kwa Mtume (S.A.W.), yametajwa na wanavyuoni kuwa ni maneno ya Wahb bin Munabbih. Amma siri ya jani, twangeni majani mabichi ya mkunazi, myatie maji, myasugue kwa viganja. Yatatoka povu. Ni sabuni! Sabuni nzuri isiyochubua ngozi, na watu wa zamani walioshea nayo vichwa vyao walio hai kabla ya kuoshea maiti wao.

Mvumbasi, ambao wengine huuita kivumbasi, hufukizwa wakati wa magharibi na watu husema unafukuza mashetani. Mbu huikimbia harufu ya mvumbasi, na magharibi ndiyo saa mbu wa malaria waanzapo kutoka. Mzee wa kwanza aliyeufukiza nyumbani mwake akaona watoto wake hawaugui sana baada ya masika, aliona jambo la kweli. Hakumjua adui ni nani, akampa jina alilokuwa nalo. Sisi twamjua adui, kwa hivyo hatuna udhuru wa kufukiza tu kisha tukalala bila ya chandarua.

Mbuyu ni habari nyengine. Unga wa ubuyu ni chakula kizuri chenye vitamini C nyingi, na wala hakuna anayebishana juu yake. Ubishi ni juu ya shina. Mpaka leo waonekana mibuyu iliyofungwa vitambaa vyekundu na vyeupe, na chini yake ubani na marashi na halua, ati ni ya mwenye mti. Na mganga akitaka gome hutupa sarafu shinani, akauomba mti ruhusa. Ndugu zetu, mambo haya yana mfano wake katika Sira. Walipokuwa wakienda Hunayni, baadhi ya waliosilimu karibuni waliwaona washirikina wana mti wautundikao silaha zao kwa kutaka baraka, uitwao Dhatu Anwat, wakamwomba Mtume (S.A.W.) awawekee na wao mti kama huo. Akastaajabu, akawafananisha na kaumu ya Musa walipotaka wafanyiwe mungu. Wala hawakuwa wakiuabudu mti. Walitaka baraka tu.

Hapa pana jambo ambalo wapinzani wetu hutuambia, nalo lataka jibu la haki. Wasema: khofu hii ndiyo iliyoilinda miti. Misitu ya kaya za Wamijikenda imebaki kwa kuwa watu waliiogopa na kuiheshimu, mpaka UNESCO ikaitia kadha wa kadha katika urithi wa dunia mwaka 2008. Mkiiondoa khofu, shoka litafuata. Sisi twakiri kwamba neno hili lina uzito, na tumeona kwa macho yetu viwanja vilivyokatwa miti na watu waliojisifu kwamba hawaogopi majini. Lakini mti wahitaji mlinzi, na si lazima mlinzi awe jini. Mtume (S.A.W.) aliuharimisha mji wa Madina, miti yake isikatwe, na akaliweka bonde la Naqii kuwa hima, yaani mahali palipolindwa kwa maslaha ya wote. Hiyo ni sheria iliyo wazi, yenye msimamizi. Msikiti wenye shamba la wakfu waweza kufanya hivyo kesho, kwa ukuta na bawabu.

DEGE LA WATOTO

Tumefika mahali ambapo mambo haya hayawi tena mazungumzo ya barazani.

Baada ya masika, madimbwi yakijaa na mbu wakizaa, watoto wetu hushikwa na homa, na baadhi yao hukakamaa, macho yakageuka, mwili ukatukutika. Wazee waliuita ugonjwa huu dege, na wengine nyuni, kwa kudhani kwamba ndege apitaye usiku juu ya nyumba ndiye aliyempiga mtoto. Kutokana na jina hilo ikatoka tiba: mtoto hufukizwa, huogeshwa kwa majani, na pengine hutiwa maji ya majani kinywani. Na kutokana na jina hilo hilo likatoka neno moja ambalo twalihesabu kuwa ni katika maneno mabaya kabisa yaliyopata kusemwa pwani hii: kwamba mtoto mwenye dege akipigwa sindano hufa.

Yafaa tujue neno hili lilivyozaliwa. Mtoto hushikwa na malaria iliyopanda ubongoni. Siku ya kwanza hufukizwa, siku ya pili hutafutwa mganga mwengine, siku ya tatu, hali imekwisha kuwa mbaya, hupelekwa hospitali. Daktari humpiga sindano kwa haraka, na saa ile ile au usiku ule mtoto hufariki. Watu huona sindano na mauti vimekuja pamoja. Zile siku mbili hazionekani. Malaria ya namna hiyo yaweza kuua kwa siku moja au mbili, na kila saa ina hesabu yake.

Na jengine yafaa tulijue. Mtoto wa baina ya miezi sita na miaka mitano aweza kutukutika kwa homa kali ya maradhi yoyote, na mara nyingi mtukutiko huo hukoma wenyewe kwa dakika chache. Basi akifukizwa na ukakoma, mfukizaji hupata sifa, na mama akaamini milele. Kesho mtoto wa jirani ana malaria ya ubongo, dalili ni zile zile machoni pa mama, naye hupelekwa kwa mfukizaji yule yule. Hakuna mtu nyumbani, awe bibi au shekhe au mganga, awezaye kuzipambanua hali hizi mbili kwa macho. Damu hupimwa, basi.

Mtoto akishikwa, alazwe ubavu, asitiwe chochote kinywani, wala maji ya majani, wala mafuta, wala kijiko, maana hawezi kumeza na vitaingia mapafuni. Kisha apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa ametulia. Atakayetaka kumsomea Qur'ani na amsomee njiani.

KIPIMO

Mwarobaini haukuwa mti wetu. Umetoka Bara Hindi, na umekaa pwani hii mpaka wengine huuita mkilifi kana kwamba ulizaliwa Kilifi. Jina lake ladai kwamba watibu maradhi arubaini. Kuoga maji ya majani yake kwa mwenye kuwashwa ngozi ni desturi ya siku nyingi, na hatukusikia madhara yake. Lakini mafuta yake ni jambo jengine. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika katika jarida la Lancet habari za watoto wachanga walionyweshwa mafuta ya mwarobaini kwa maradhi madogo madogo. Walitapika, wakashikwa na usingizi mzito, wakahema mbio, kisha wakatukutika. Msomaji na afikiri: mtoto aliyetukutika kwa kunywa dawa, kwetu sisi angeambiwa ana dege, akaongezwa dawa ile ile.

Kadhalika shubiri na sanamaki. Vyote viwili ni dawa za kuendesha, zina kazi yake kwa mtu mzima aliyefunga choo. Mama mjamzito hafai kupewa shubiri, na mtoto anayeharisha hafai kupewa yoyote katika hizo, maana maji ya mwili wake yaondoka na yeye ataka kurudishiwa. Twasikia wengine hujibu kwamba sanamaki imetajwa katika Hadithi, kwa hivyo haidhuru. Na habasoda nayo imetajwa kuwa ni ponyo ya kila maradhi isipokuwa mauti. Al-Khattabi, mfafanuzi mkubwa wa Hadithi, alisema kwamba neno hili ni la jumla lililokusudiwa maradhi makhsusi. Ibn al-Qayyim aliuona utabibu wa Mtume (S.A.W.) kuwa una asili ya wahyi, Ibn Khaldun akaona kwamba mengi yake yalikuwa ni mazoea ya Waarabu, kwani Mtume (S.A.W.) alitumwa kutufundisha sheria. Wanavyuoni wamekhitalifu, na nafasi ya kukhitalifu ipo. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyesema kwamba kipimo si kitu. Mwenye kuuza chupa ya habasoda akamwambia mgonjwa wa sukari aache dawa za daktari, hana hoja kwa Khattabi wala kwa Ibn al-Qayyim.

Na hukumu ya mtu huyo ipo. Imepokewa katika Sunan za Abu Daud, Nasai na Ibn Maja kwamba mwenye kujitia utabibu hali hajulikani kwa utabibu hudhaminishwa kwa madhara aliyoyaleta. Mafakihi wakajenga juu yake mlango mzima wa dhamana. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 nayo imeitambua tiba ya asili na kutaka iwe na taratibu. Mganga wa miti aliye mkweli hana la kuogopa katika hayo. Wa kuogopa ni yule ambaye kitabu chake ni kimoja, kina falaki ukurasa wa kulia na majani ukurasa wa kushoto, naye hupiga hesabu ya jina la mgonjwa na la mamake kabla ya kumuuliza anaumwa wapi.

Basi jawabu la swali ni hili. Dawa ya mti ina wakati wake, na wakati huo hujulikana kwa kuutazama mti. Haina siku. Mwenye kuichuma kwa itikadi ya siku ana lawama kwa itikadi yake, na dawa yake haikuongezeka kitu.

Lakini sisi hatupendi bibi zetu wafe na ilimu yao. Katika darsa tumeanzisha daftari la dawa za miti za mji huu, na twawaomba wasomaji walio na wazee nyumbani watusaidie kulijaza. Tuandikieni jina la mti kama liitwavyo kwenu, maana Lamu, Mvita na Vumba hayawi sawa, sehemu itumiwayo, kama ni jani, gome, mzizi au mbegu, mti ulikuwa katika hali gani ulipochumwa, umechipua, umetoa maua au umekauka, kiasi gani, kwa kikombe au kijiko na si kwa "kidogo tu", ulichemshwa au ulirowanishwa, ulimfaa nani, na muhimu kuliko yote, ulimdhuru nani. Aya, nyota na siku msituandikie. Pamoja na karatasi leteni tawi dogo lenye jani, na ua likipatikana, likunjwe ndani ya gazeti kavu na liwekewe kitu kizito juu yake kwa siku chache. Msilitie katika mfuko wa plastiki, kwani huoza kabla ya kufika.